Goli la Dakika ya Themanini na Tatu

Bi Zakiya hakuinywa kahawa. Aliipokea finjani kwa mkono wa kulia kama ipasavyo, akaitua juu ya zulia mbele ya magoti yake, akajikusanya ndani ya buibui lake. Marhoon, aliyekuwa amepiga magoti na mdila wa kahawa mkononi, aliitazama ile finjani, akamtazama mama yake wa kunyonya, na kicheko kikamjaa kifuani.

Desturi ile aliijua. Nani Oman asiyeijua? Mgeni mwenye haja nzito hanywi kahawa ya mwenyeji. Huiweka chini ipoe, na mwenyeji mwenye uso wa kuutunza hamwachi mgeni wake akaaibika. Humwambia, "Kunywa, haja yako imekwisha," na baada ya hapo ndipo haja yenyewe inaposemwa. Ni mambo ya masheikh, ya kuombea damu na kupatanisha makabila, mambo ya wanaume wenye majambia viunoni. Hayakuwa mambo ya Bi Zakiya wa Vikokotoni, aliyekulia kwenye maandazi na maneno ya uani, akafika Maskati mtu mzima na kasha moja la nguo.

Lakini ndivyo walivyokuwa watu hawa waliorudi kutoka Unguja. Wenyeji waliokulia milimani waliweza kuikiuka desturi wakacheka, maana hakuna aliyewahi kuwauliza kwao wapi. Waliotoka Unguja waliishika kwa meno. Marhoon aliingia Maskati ana miaka kumi na minne na Kiarabu cha kuokoteza, darasani wakamwita Zinjibari, na tangu siku ile akanuia kwamba hatatokea mtu wa kumfundisha Uomani. Kofia yake ilikaa kichwani sawasawa kuliko ya mtoto wa liwali. Salamu zake zilikuwa ndefu mpaka watu wakichelewa kazini. Basi alipoiona finjani imetuliwa, hakuuliza kitu. Aliona ameheshimiwa. Yeye, karani wa wizara na golikipa wa klabu ya Fanar, amefanywa sheikh ndani ya baraza yake mwenyewe pale mtaa wa Hail.

"Kunywa, mama," akasema, na sauti akaitia uzito. "Haja yako imekwisha."

Bi Zakiya akainua finjani, akaimaliza kwa mafunda mawili, akaitikisa kuonyesha kwamba imetosha.

"Mungu akubariki, mwanangu. Nnataka Saeed afunge magoli mawili Alkhamisi."

Kicheko kilimkatikia Marhoon kooni.

Saeed alikuwa mtoto wa mwisho wa Bi Zakiya na mshambuliaji wa klabu ya Marjan. Marhoon alikuwa kaka yake kwa maziwa: mama yake Marhoon aliugua baada ya kujifungua, na Bi Zakiya, jirani wa ukuta kwa ukuta, akamnyonyesha miezi minane pamoja na binti yake mkubwa. Alhamisi hiyo, Marjan na Fanar walikuwa wanakutana katika mechi ya mwisho ya msimu. Ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa tisini na sita. Mechi yenyewe haikuwa na maana yoyote. Timu moja ilikuwa ya sita na nyingine ya nane, hakuna wa kupanda wala wa kushuka. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijapata mwenyewe. Tajiri mmoja muuza magari alikuwa ameahidi kumpa mfungaji bora wa ligi gari jipya kabisa. Mahfoudh wa klabu ya Nasim alikuwa amemaliza mechi zake zote na magoli kumi na nne. Saeed alikuwa na kumi na tatu.

"Mama," Marhoon akasema, "hilo si jambo la kuombwa."

"Nimeshaliomba. Na wewe umeshalikubali."

"Sikujua ni nini."

"Ndiyo maana ya finjani." Bi Zakiya hakuwa na furaha usoni, hilo lazima lisemwe. Alikuwa anatazama ncha za vidole vyake. "Mwezi wa saba huu tangu kampuni imtoe. Mtu mzima anakaa ndani kama mwari. Hatoki ila kwenda mazoezini. Gari lile atalitia rangi ya teksi, atakula, ataoa. Sina pengine pa kwenda miye, Marhoon."

"Saeed anajua?"

"Akijua atakufa kwa haya. Asijue yeye, asijue mtu, mpaka mnizike."

"Na Mahfoudh?"

"Mahfoudh ana kazi."

Alitaka kumwambia kwamba kazi ya Mahfoudh ni kukata marumaru kiwandani kule Rusayl, na kwamba huamka kabla ya alfajiri akasimama barabarani kungoja basi la wafanyakazi kwa kuwa hana hata baiskeli. Akafungua kinywa. Bi Zakiya akamtangulia.

"Sikupata kukudai maziwa yangu hata siku moja," alisema. "Na leo sikudai. Nimeweka finjani tu."

Mtu mwenye akili angelisema pale pale, mama nisamehe, nilitamka kwa kujishaua, nayafuta. Angeliaibika kwa robo saa mbele ya mwanamke mmoja na mambo yangelikwisha. Marhoon hakuwa tayari kwa ile robo saa. Aliichukua finjani tupu ya Bi Zakiya, akamuuliza kuhusu miguu yake.

Jumanne, baada ya sala ya laasiri, Mahfoudh alimsimamisha nje ya msikiti. Alikuwa mtu mwembamba, wazazi wake wa Wete, Pemba, mwenye nyusi ambazo vumbi la marumaru lilikuwa halitoki hata akiosha mara ngapi. Walijuana miaka kumi, wakikutana uwanjani na msikitini, na hawakuwa na deni la neno baya.

"Alkhamisi ntakaa nyuma ya goli lako," Mahfoudh alimwambia akicheka. "Nikulinde mgongo."

"Karibu," Marhoon akajibu, na akajifanya anatafuta viatu vyake, ambavyo vilikuwa mbele yake.

Alhamisi jua lilikuwa bado kali walipoingia uwanjani. Watu hawakujaa. Waliokuja walikuja kuliangalia gari, ambalo tajiri mwenyewe alilileta likaegeshwa ukingoni mwa uwanja, jeupe, lina utepe mwekundu juu ya boneti. Mahfoudh alitokea moja kwa moja kazini, akakaa kwenye ngazi za saruji nyuma ya goli la Marhoon, na palipobadilishwa pande kipindi cha pili, naye akahama.

Dakika ya ishirini Saeed alifunga la kwanza. Krosi ilitoka kulia, akaruka juu ya mabeki wawili, akaupiga mpira kwa kichwa kwenda chini pembeni, na Marhoon akautupia mwili wake wote, kweli kweli, akaukosa. Alipoinuka alikuwa na furaha ya ajabu. Hili si langu, alijiambia. Amenifunga mwenyewe. Nusu ya ahadi imejilipa bila mimi kutia mkono, na huenda Mungu akanitengenezea na nusu ya pili.

Fanar walisawazisha kabla ya mapumziko. Katika dakika ya hamsini na tano Saeed alibaki peke yake na mlango, akaachia shuti la juu, la kona, la kuvunja nyavu. Marhoon hakufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe, kama miaka kumi na sita yote ilivyokuwa ikienda, ikaupangusa mpira juu ya mwamba. Uwanja ukalipuka. "Kufuli! Kufuli!" walipiga kelele mashabiki wa Fanar, maana hilo ndilo jina walilompa. Nyuma yake alisikia sauti ya Mahfoudh: "Allah! Allah akuhifadhi!" Na Marhoon akatabasamu. Kisha akakumbuka, na uso ukamwaka moto. Akizuia, anamvunjia neno mwanamke aliyemnyonyesha. Akiachia, anamdhulumu mtu anayemwombea dua nyuma ya goli. Hapakuwa na upande wa kusimama ambao angelisimama bila haya.

Alifanya alichokifanya dakika ya themanini na tatu. Saeed alipiga kutoka mbali, amechoka, mguu haukuushika mpira sawasawa. Ulikuja chini chini, polepole, upande wa kushoto. Ulikuwa mpira wa kuokota. Mtoto wa chekechea angeliusimamisha kwa kiatu. Marhoon alichotakiwa ni kuusukuma mguu wa kushoto hatua moja, na mguu alikuwa nao, na muda alikuwa nao. Akauzuia mguu. Aliuzuia kwa muda wa mtu kusema bismillahi, kisha akaruka, amejinyoosha mwili wote, vidole vimekunjuka, majani na vumbi vikatimka, na mpira ukapita inchi mbili mbele ya ncha za vidole vyake. Kwa wanaoujua mpira, ulikuwa ni mruko mzuri kuliko yote aliyopata kuruka maishani. Wote ulikuwa wa uongo.

Alilala kifudifudi. Hakutaka kuinuka. Mkono ukamshika kwapani, ukamnyanyua. Alikuwa Saeed, ana machozi.

"Nisamehe, kaka," Saeed akasema. "Leo nimekufunga mara mbili."

"Halali yako," Marhoon akamjibu. Neno hilo, halali, lilimtoka lenyewe.

Filimbi ilipolia wenzake walimpigapiga mgongoni. Mmoja akasema ni umri tu, jamani, mtu ana miaka thelathini na nne. Mwengine akasema jua lilimpiga machoni, na jua lilikuwa nyuma yake. Mahfoudh alishuka ngazi, akapita mbele ya lile gari bila kuligeukia, akamkumbatia Marhoon mbele ya watu wote. Alinuka vumbi na jasho la kazi.

"Umejitahidi, ndugu yangu," alimwambia sikioni. "Ndiyo mpira."

Marhoon alitaka ardhi ipasuke immeze. Ardhi ya uwanja ule ilikuwa ngumu, haikupasuka.

Ingelikwishia hapo, lakini mwandishi mmoja wa michezo alikuwa na macho. Jumamosi aliuliza gazetini ilikuwaje kipa aliyelipangusa shuti la dakika ya hamsini na tano ashindwe na mpira wa kuokota dakika ya themanini na tatu, akaongeza kwamba kipa na mfungaji wamenyonya ziwa moja. Kamati ya ligi ikalazimika kuita watu. Gari likafungiwa.

Marhoon aliitwa Jumatano ya wiki ya pili baada ya mechi. Alikaa kwenye korido, kanzu imenyooka, na kichwani amepanga sentensi yake. Alikuwa amekata shauri: wakimuuliza wazi wazi, atasema. Hatasema uongo mbele ya kamati. Aliirudia sentensi ile mara ishirini mpaka ikawa laini. Lakini tazama ujanja wa mtu na nafsi yake: alikuwa amejiwekea sharti la kuulizwa.

Wazee watatu wa kamati walimkaribisha chai. Mwenyekiti akafunga faili kabla Marhoon hajatia sukari.

"Mahfoudh alikuwa hapa kabla yako," alisema. "Alikaa nyuma ya goli, ameona kila kitu. Mwenye haki mwenyewe hana lalamiko, bwana, sisi tulalamike kwa niaba ya nani? Samahani kwa usumbufu. Kunywa chai yako."

Marhoon akanywa chai yake. Sentensi ikabaki ndani.

Msimu ule ulikuwa wa mwisho kwake. Klabu ilimfanyia karamu, ikampa ngao yenye maandishi ya dhahabu, na rais wa klabu akatoa hotuba ambamo neno "mwaminifu" lilitajwa mara nne. Marhoon alizihesabu. Ngao aliipeleka stoo siku ileile, akamwambia mkewe, Rahila, kwamba ukutani italeta mende.

Saeed alilitia gari rangi ya teksi, jeupe na ubavu wa chungwa, na kweli alikula, na kweli alioa. Alikuwa dereva mzuri na msimulizi mbaya. Kila abiria aliyepanda kati ya Hail na Ruwi alishuka anaijua ile mechi, na kila mwaka lile goli la pili lilizidi nguvu. Mwanzo lilikuwa shuti la mbali. Baadaye likawa kombora. Kufika mwaka elfu mbili lilikuwa limeshaipinda hewa. Na Marhoon akiwamo garini, ilikuwa lazima Saeed amgeukie. "Muulizeni huyu! Ndiye kipa mwenyewe! Si kweli, kaka?"

"Kweli," Marhoon alikuwa akisema. "Sikuliona."

Mahfoudh naye alikuwepo pale pale. Kila asubuhi Marhoon alipokwenda wizarani alimwona ng'ambo ya barabara, amesimama na mfuko wake wa chakula, anangoja basi la Rusayl. Kwanza alikuwa akimpungia. Halafu akaanza kushughulika na redio anapofika usawa ule. Halafu akahamia msikiti mwengine, wa mbali, na Rahila alipouliza akamwambia imamu wa kule anasoma vizuri. Siku moja ya Januari mvua kubwa ilinyesha na mabonde yakashuka maji. Mahfoudh alikuwa amevuka upande wa huku, amelowa chapachapa, akainua mkono kuomba lifti ya kurudi nyumbani. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Marhoon alimwona vizuri, na aliona kwamba naye ameonekana. Akakanyaga mafuta.

Miaka minane ilipita namna hiyo. Bi Zakiya hakupata kulitaja jambo lile hata kwa nusu neno, lakini hakuwahi tena kunywa kahawa nyumbani kwa Marhoon. Alikuwa akisema tumbo lake haliiwezi. Alikufa mwezi wa Juni mwaka elfu mbili na nne, usingizini, na Marhoon aliingia kaburini kumpokea kama mtoto wa kuzaa. Saeed alilia mpaka akashikwa. Siku ya tatu tanga lilipoanuliwa, Marhoon alihisi kitu ambacho hakukitarajia. Alihisi amefunguliwa. Mpaka mnizike, alisema mama, na sasa wamemzika.

Siku ya nne, mchana, akaendesha mpaka Rusayl.

Mahfoudh alikuwa msimamizi sasa, mvi zimechanganyika na vumbi usiweze kujua kipi ni kipi. Ilikuwa saa ya mapumziko. Walikaa kivulini nyuma ya kiwanda, juu ya vipande vya marumaru vilivyokataliwa, na Mahfoudh akampa chupa ya maji kabla ya kumuuliza kilichomleta.

"Mahfoudh," Marhoon akaanza, "goli la pili nililiachia."

Mahfoudh aligeuza uso kuelekea kiwandani. Mashine moja iliyosahauliwa ilikuwa inaendelea kusaga ndani.

"La pili tu?"

"La pili tu. La kwanza alinifunga kweli."

"Ehe."

Akamweleza yote. Finjani, jibu lake la kujikweza, ahadi ya kunyamaza, mguu wa kushoto. Alisema haraka haraka, na alivyokuwa akisema, kifua kilikuwa kinapata nafasi. Miaka minane alikuwa ameuogopa mchana huu na kumbe ni maneno ya dakika tano tu. Akamaliza kwa kusema, "Ukitaka kunipiga, nipige. Ukitaka niende gazetini, ntakwenda. Saeed hana khatia, hajui mpaka leo."

"Nikupige, nikipata nini? Gari lenyewe saa hizi lingekuwa bovu." Mahfoudh alijaribu kucheka, kikakatika njiani. Akafungua kilemba chake, akajifuta shingo, akakifunga tena polepole. "Ile kamati. Walikwambia nini siku ile?"

"Kwamba huna lalamiko."

"Basi?"

"Basi."

"Hawakukwambia kwamba niliapa?"

Marhoon akaiweka chupa chini.

"Waliniwekea Msahafu," Mahfoudh alisema. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililotisha. "Mwenyekiti aliniambia, wewe ulikuwa nyuma ya goli, wewe ndiye mwenye kudhulumika kama pana dhulma, tuambie. Na miye, bwana Marhoon, niliuona mguu wako. Niliuona ulivyokawia. Nikajiambia, Mahfoudh, macho yako hayo yana choyo, yanalitaka gari, usiyaamini. Mtu huyu unamjua miaka kumi. Nikaweka mkono juu ya Msahafu nikaapa kwamba Marhoon hakuachia. Sikusema nadhani. Nilisema wallahi."

Kifua cha Marhoon, kilichokuwa kimeanza kupata nafasi, kilijifunga upya.

"Uliapa kwa kunidhania mema," alisema. "Si kosa lako. Shekhe yeyote atakwambia—"

"Ntamuuliza shekhe, na atanambia si lazima. Lakini shaka nilikuwa nayo moyoni, na ulimi ukaapa juu ya shaka. Hilo analijua Mungu na nnalijua miye. Miaka minane nilikuwa nnaliombea liwe kweli. Sasa umekuja kunambia si kweli." Akapiga hesabu kwa vidole. "Ntafunga siku tatu. Jumapili, Jumatatu, Jumanne."

"Kafara ya kiapo ni kulisha masikini kumi kwanza. Niachie mimi, nitalisha leo hii, nitalisha mia."

"Chakula chako kilipie ulimi wangu?"

"Basi nifunge mimi!" Marhoon alikuwa karibu kulia. "Juni hii, na kazi hii, na moto huu? Mimi nakaa kwenye kiyoyozi, Mahfoudh, niache nifunge mimi."

Mahfoudh alimtazama vizuri, kama mtu anayempima mwenzake kwa mara ya kwanza.

"Wewe hukuapa," alisema. "Wewe hukuulizwa kitu."

King'ora cha kazi kikalia. Mahfoudh akainuka, akajikung'uta kanzu, vumbi likaruka likarudi palepale. Akanyoosha mkono, na Marhoon akaushika kwa mikono miwili.

"Ungalikuja mwaka ule," Mahfoudh alisema, "ningalikutukana, na ningalikuwa sijaapa. Kamati ilikaa wiki mbili baada ya mechi. Wiki mbili nzima, yakhe. Ulikuwa wapi?" Hakungoja jibu. "Na pole kwa msiba. Bi Zakiya alikuwa mtu mwema. Mungu amsamehe."

Akaingia ndani.

Jumapili Marhoon hakwenda mahali. Alisema kichwa kinamuuma, akalala na mapazia yamefungwa. Jumatatu ikambidi aende wizarani, na siku nzima alikuwa anaangalia saa ya ukutani. Saa nne: sasa mashine zimeshika moto. Saa sita: sasa wenzake Mahfoudh wanafungua vyakula vyao, na yeye amekwenda kukaa upande wa pili. Redioni walisema joto nyuzi arobaini na sita. Alijiwazia kufunga naye, kimya kimya, bila mtu kujua. Akakumbuka alivyotazamwa na Mahfoudh, akaona kwamba hata hilo lingelikuwa la kujionyesha, na anayeonyeshwa ni yeye mwenyewe.

Alirudi nyumbani saa nane na nusu. Rahila alikuwa ameshatandika. Wali wa nazi, nguru wa kukaanga, mchuzi wa kunde, maji ya ndimu yenye barafu, jagi limetoka jasho. Marhoon alikaa. Akanawa mkono, akautazama.

"Leo huli?" Rahila aliuliza. "Jana hukula, leo huli. Una nini, mume wangu? Nambie."

Basi ameulizwa. Ameulizwa wazi wazi, na mtu anayempenda, ndani ya nyumba yake, na hakuna ahadi tena ya kumzuia wala maiti ya kusingizia. Sentensi ile ya korido ilimjia mdomoni, laini bado, maneno yote yako mahali pake.

"Sina kitu," akasema. "Nakula."

Akatia mkono katika sahani, akafinyanga tonge, akala. Kilikuwa chakula kitamu. Alikunywa maji ya ndimu gilasi mbili, na alipofika katikati ya sahani akaomba aongezewe mchuzi, kwa sababu kila siku huomba.